Uji Mwepesi wa Bwera

Nimestaafu na mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Aliyegundua ni fundi cherehani wa mjini Kasese, aliponipima gauni la kuagwa. Alipima mkono mmoja, akapima wa pili, akarudia, kisha akaiangalia futi yake akidhani imevutika. Huo mkono ndio niliotoka nao jikoni, ukiacha magoti mabovu na mazoea ya kuamka kabla ya kila mtu. Ninyi mliobaki na sufuria mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, hasa ile habari ya uji mwepesi, ambayo kila mtu Bwera huisimulia kwa namna yake. Nitaandika. Mshahara sitautaja, kwa sababu haukuwa na habari yoyote.

Baba yangu alitoka magharibi ya Kenya akaja kuchimba shaba, na kazi ya mgodi ilipokwisha akahamia kwenye saruji. Katika nyumba za wafanyakazi kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo sisi watoto tuligombana kwa Kiswahili. Asubuhi mama alitupa kiazi kitamu kilichochemshwa jana na kikombe cha chai yenye maziwa kidogo, tukaondoka mbio. Mtoto wa karani alikula mkate mweupe na siagi, nasi tulimwonea wivu sana. Ilinichukua nusu ya maisha yangu kujua kwamba kiazi chetu kilikuwa kinatufikisha mchana na mkate wake haukumfikisha hata saa nne.

Kazi niliianza katika shule moja ya msingi mjini Kasese. Mpishi mkuu alikuwa mwanajeshi mstaafu, Thembo, ambaye hakuna aliyemwita Thembo. Alikuwa Afande kwa walimu, kwa watoto na kwa muuza kuni. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi na nywele mpya, nikaanza kujitambulisha vizuri kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Wewe," akanikata. "Moto kwanza. Maneno badaye."

Hakuwa mtu mkali. Hakuwa na nafasi tu. Watoto walikuwa wameshaanza kuingia getini na sufuria ilikuwa baridi. Viatu vile sikuvivaa tena isipokuwa kanisani.

Afande aliamini kwamba asubuhi si wakati wa kufikiri. "Ulifikiri jana," alisema kila nilipouliza swali kabla ya kengele. Kuni zilipasuliwa jana. Maharage yalilowekwa jana. Unga ulichekechwa jana, ukapimwa, ukafunikwa, na asubuhi ulikorogwa kwanza kwa maji baridi ndipo ukaingia kwenye yanayochemka, ili usifanye mabonge. Wamama wa siku hizi wanaoniuliza wafanyeje asubuhi wakati mmoja anatafuta soksi na mwingine analia, nawajibu hivyohivyo. Karanga zisagwe jioni. Mayai yachemshwe jioni. Kiazi kiive jioni. Asubuhi kazi yenu ni kupasha moto na kufunga vifungo vya shati.

Jambo la pili alinifundisha bila kusema. Miezi ya mwanzo hakuniruhusu kugusa mwiko. Niliosha vikombe, na nilikasirika, maana niliona ninafanywa mtumishi wa watoto wa chekechea. Siku moja akasimama nyuma yangu na kuuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona vikombe. Akasema, "Iko na uji ndani, ama haina?" Nikaangalia. Vikombe vya wadogo vilikuwa na uji nusu. Vya wakubwa vilikuwa vyeupe, vimekombwa. Akaenda zake. Tangu hapo sikujali sana jinsi uji unavyoonekana sufuriani. Niliangalia unavyorudi.

Nilipoolewa nilihamia Bwera, nikapewa jiko la shule iliyo karibu na mpaka. Huko wazazi ndio waliolisha shule. Kila muhula kila nyumba ilileta debe lake la unga: muhogo kutoka Nyakiyumbu, mahindi ya Karusandara, soya kwa aliyekuwa nayo. Nilivichanganya na kupika. Na huko chakula ni bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika na kusimama wenyewe kwenye sinia. Uji nao, ili uheshimiwe, lazima uwe jamaa wa karibu wa bundu. Uji unaotiririka ni wa mgonjwa au wa nyumba iliyoishiwa. Nilipika mzito kama walivyotaka. Wazazi waliopita wakachungulia walisema, "Hapo sawa," wakaenda sokoni na mioyo yao imetulia.

Vikombe havikutulia. Vilirudi nusu, na siku za soko vilirudi robo tatu. Siku ya soko la mpakani mtoto wa Bwera haendi shule moja kwa moja. Anamsaidia kwanza mama yake kusogeza mzigo. Anafika jasho linamtoka, kengele iko karibu kulia, anapewa uji mzito wa moto. Anapuliza, anameza mara tatu, koo linachoka, kengele inalia. Anakimbia. Kulikuwa na msichana wa darasa la nne, Masika, ambaye mama yake aliuza unga wa muhogo sokoni. Alibeba kwanza, akasoma baadaye. Ilipofika kipindi cha tatu alikuwa amelala juu ya daftari, na mwalimu wake alikuwa ameshaacha kumwamsha.

Nilijaribu kupunguza unga. Wakamaliza vikombe vyote, na kabla ya saa nne walikuwa wanashika matumbo. Mzito haunyweki, mwepesi haukai. Nilizunguka na hilo muda mrefu. Usiseme ni jambo dogo mpaka umeona darasa zima la watoto wakiangalia mlango badala ya ubao.

Dawa niliipata kliniki, nilikompeleka mtoto wangu wa mwisho kupimwa uzito. Muuguzi alikuwa anawafundisha kina mama wenye watoto wachanga. Pika uji mzito, alisema, kisha tia kimea kidogo, utalegea wenyewe bila kuongeza maji, na tumbo dogo litapata unga mwingi. Kimea ni mbegu za wimbi, yaani ulezi, zilizooteshwa, zikakaushwa, zikasagwa. Nikawaza kwamba mtoto wa darasa la pili na mtoto mchanga hawatofautiani sana, isipokuwa wa darasa la pili ana mdomo.

Mara ya kwanza nilitia kimea sufuria inachemka, uji ukabaki vilevile kama mtu aliyekusikia na kukupuuza. Nikarudi kwa muuguzi. Akacheka. Kimea hakitaki moto mkali. Unaepua sufuria, unasubiri mpaka mvuke uache kuuma kiganja, ndipo unatia na kukoroga polepole. Ukishalegea unaurudisha motoni uchemke tena, ili uwe salama. Andikeni hilo mahali mtakapoliona: epua, subiri, tia, koroga, chemsha tena. Anayeruka kusubiri amepoteza kimea chake bure.

Wiki hiyo vikombe vilirudi vyeupe. Watoto walikunywa wamesimama, kengele haijalia, wengine wakarudi foleni. Nilifurahi kiasi cha kuimba nikisugua ukoko, na mimi si mtu wa kuimba.

Furaha hiyo haikuona wiki ya pili. Mzazi mmoja alichungulia, akaona uji unatiririka kutoka kwenye upawa. Hakusema "Hapo sawa." Aliondoka bila kuaga. Siku ya soko iliyofuata, Mpondwe nzima, ule mji wa soko la mpakani, ilikuwa inajua kwamba mpishi wa shule, yule Mkenya, anauza unga wa watoto. Nilizaliwa Kasese, lakini mtu akipotelewa na kitu ndipo wanapokumbuka alikotoka baba yako.

Mwalimu mkuu aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na alisema mapema kwamba yeye yuko katikati. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Masika.

"Mimi nauzisha bunga tangu nikiwa mutoto," akasema. "Bunga naijua. Ile uji iko maji. Na mutoto yangu iko nalala mu darasa, mwalimu ameniambia. Sasa mimi nauliza, bunga ya batoto inaenda wapi?"

Kina mama wakaguna pamoja. Kisha akasimama Hajji Siraji, mwenye malori yanayovuka mpaka, mtu wa sauti ya chini ambaye watoto wake wengi walikuwa pale shuleni. Familia za Waislamu wa soko zilimsikiliza yeye kabla ya mtu mwingine.

"Mama Roza, mimi sijasema umeiba," alisema. "Mimi niko na swali moja tu, nyabo. Watoto wanasema unaweka kimea. Ile kimea ni ya watu ya pombe, ama si ya watu ya pombe?"

Ningeweza kuzunguka. Lakini nilikinunua sokoni kwa mwanamke anayewauzia wapika pombe, na kila mtu mle ndani alimjua.

"Ni ileile, Hajji," nikajibu.

Hajji akakaa, akasema taratibu kwamba basi watoto wake hawatakunywa, na Waislamu wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mama mwingine akatoa wazo kwamba kila nyumba irudishiwe debe lake, kila mtu amlishe mtoto wake nyumbani, na jiko lifungwe. Wazo lilipendwa. Mwalimu mkuu akasema shauri litakatwa Ijumaa.

Niliogopa, na sioni haya kusema. Niliogopea jina langu, maana mwizi wa chakula cha watoto hapati kazi nyingine hata ya kufagia. Lakini niliogopa zaidi kile kitakachotokea Jumatatu yake. Nilizijua nyumba zile. Mama anayetoka alfajiri na gunia kichwani hawashi moto wa uji. Masika angekuja na mzigo begani na tumbo tupu, na angelala tangu kipindi cha kwanza. Nikatamani Afande angekuwepo, nikakumbuka angesema nini: moto kwanza, maneno baadaye. Kwa hiyo sikujitetea. Niliomba jambo moja, kwamba Alhamisi asubuhi anayetaka aje jikoni kabla ya watoto.

Walikuja wawili, Mama Masika na Hajji. Mama Masika alikunja mikono kifuani. Hajji alisimama mlangoni, kanzu ameishika isiguse masizi. Niliwaonyesha unga ukiwa mkavu, nikaukoroga na maji baridi mbele yao, nikaumimina kwenye yanayochemka. Ulipoanza kushika, nilimpa Mama Masika mwiko.

Akaniangalia. "Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua unga."

Akaukamata. Mwanzo alikoroga kwa dharau, kama anayepoza chai. Uji ukazidi kushika. Akahamisha miguu, akatumia mikono miwili. Jasho likamtoka puani. Mwiko ule ni mrefu kama jembe, na uji wa shule nzima ukishakubali kuwa mzito haukuachii. Alisema neno la Lhukonzo, lugha ya kwao, ambalo nilijifanya sikulisikia, akaendelea, kwa sababu Hajji alikuwa anamtazama.

Nikaomba msaada tukaepua sufuria, Hajji akaiachia kanzu yake, akashika upande mmoja. Tukasubiri. Kusubiri kule ndiko kulikonimaliza. Niliweka kiganja juu ya mvuke, nikakiondoa, nikakiweka tena. Nje watoto wa kwanza walikuwa wanafika. Mama Masika akasema, "Unangojea nini? Iko tayari." Mvuke ulipoacha kuuma nilitia kimea, nikamwambia akoroge tena, polepole.

"Haibadilike," alisema.

Nikamwambia akoroge tu.

Alikoroga. Kisha akasimama, akaangalia mwiko, akakoroga tena, safari hii kwa mkono mmoja. Uji ulikuwa unamfuata bila kumpinga. Akauinua mwiko, uji ukatiririka, ule uleule uliosemwa sokoni. Hakuna aliyeongeza maji. Hakuna aliyetoa unga. Yeye mwenyewe hakuwa ameuachia ule mwiko tangu mwanzo. Tukairudisha sufuria motoni, ikachemka, akateka kikombe kimoja, akanywa chote.

Hajji hakunywa. Aliinama akanusa, akauliza kama uji huu ukilala unalewesha. Nikamwambia haulali, unapikwa na kunywewa saa hiyohiyo, ukibaki ninamwaga. Akasema ameshamuuliza shehe wake, na shehe amemwambia mbegu iliyoota si pombe. Lakini kikapu kilichotoka kwa wapika pombe yeye hakitaki karibu na watoto wake. Aliposema hivyo nilimwona ana haki yake. Mimi mwenyewe nisingenunua nyama kwenye duka ambalo sikijui kisu chake.

Ijumaa mkutano ulikuwa mfupi. Mama Masika alisimama, na wote wakageuka kunitazama mimi badala ya yeye.

"Bunga iko ndani," alisema. "Mukono yangu ingali inauma." Akakaa.

Kina mama wanaojua kusonga bundu walimwelewa bila maelezo. Mmoja alicheka, mwingine akamkanda bega kwa utani. Kisha Hajji akasimama. Alisema watoto wake watakunywa kwa sharti moja, kwamba kimea kisitoke sokoni. Kitaoteshwa nyumbani kwake, na mke wake, Hajati Zamu, atakisimamia. Mwalimu mkuu aliuliza kama Wakristo wana neno. Hawakuwa nalo. Jiko likabaki.

Hajati Zamu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Aliloweka wimbi usiku mmoja, akalitandaza kwenye gunia lenye unyevu chini ya majani ya migomba, akalinyunyizia asubuhi na jioni. Vichipukizi vilipotokeza alivianika juani kwenye mkeka, akavipikicha, akasaga. Alikitupa chochote kilichonuka ukungu, hata kiwe kingi namna gani, na hakutaka kubishana juu ya hilo. Debe dogo lilifika jikoni kila wiki kwenye lori la mumewe, likiwa limefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwezi wa Ramadhani uliofuata, debe lilichelewa. Nilipouliza, Hajati akaniambia bila aibu kwamba Hajji amegundua uji wa kimea unafungulia saumu vizuri bila kulemea tumbo, na ameshakula akiba ya shule.

Miaka ikaenda. Tuliongeza unga wa soya, tukaongeza karanga zilizosagwa wakati wa mavuno, na siku ambazo samaki wadogo wakavu walipatikana kwa wingi tulisaga nao kidogo, kiasi ambacho mtoto hanusi. Masika alimaliza shule. Siwezi kusema aliacha kabisa kulala darasani. Katika hesabu aliendelea, lakini hilo halikuwa la jikoni.

Kwa wenye watoto nyumbani, habari ni ileile. Mtoto wa shule asubuhi hana muda, ana koo jembamba na akili iko njiani. Mpe kitu kinachomezeka haraka na kukaa muda mrefu. Uji wenye kimea na karanga, au kiazi na yai, au katogo ya jana, zile ndizi na maharage ya sufuria moja, iliyopashwa moto vizuri. Chai tupu na andazi ni kumdanganya, na yeye ndiye atakayelipa saa nne. Halafu kiangalie kikombe chake akishaondoka.

Nilimkabidhi Jeneti jiko mwisho wa muhula uliopita. Ni msichana mzuri, mwenye haraka, anayependa kueleza. Nilimwachia mwiko wangu, ingawa niliutaka. Juzi asubuhi alinipigia simu kunieleza. Kuna mzazi amekuja mbele ya watu, anasema uji ni maji na unga wa watoto unauzwa. Amemweleza mambo yote ya kimea, mama hataki kusikia.

"Mama gani?" nikauliza.

"Mwanawe yuko chekechea. Mama mwenyewe anaitwa Masika. Anauza unga sokoni."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilitaka kumwambia Jeneti aache kueleza, amwite kesho asubuhi, ampe mwiko. Akasema hapana, Masika yuko hapohapo jikoni sasa hivi, amekuja na mama yake mzee, na yule mzee amekwisha kuvuta kiti akakaa karibu na moto kama kwake.

Nikaibana simu sikioni. Kuni zililia, mfuniko ukagonga sakafu, watoto wakapiga kelele mbali. Kisha nikasikia sauti ya Mama Masika, imezeeka lakini haijapungua.

"Kamata mwiko. Koroga kwanza, Masika. Utasema kisha."